Miaka Saba Nikiwa Mdomo wa Jengo Letu

Nilistaafu mwezi uliopita, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, baada ya miaka saba ya utumishi. Hakukuwa na sherehe wala saa ya ukutani. Mwajiri wangu wa mwisho, ambaye ni mama yangu mzazi, aliniambia nikaoshe vyombo.

Nawaandikia ninyi wadogo wa jengo letu hapa Berea, Johannesburg, hasa mdogo wangu Abdu, mwenye miaka kumi na mmoja na mdomo wa watu wanne, maana nasikia mmeshaanza kuitwa kwenda kliniki. Mambo ya vyeo na mshahara nayaruka. Cheo changu kilikuwa "wewe mtoto, hebu njoo", na mshahara wangu ulikuwa chipsi za njiani, mara nyingi zikiwa zimeshaliwa nusu na mgonjwa.

Kazi yenyewe ilizaliwa hivi. Jengo letu lina ghorofa tisa na lifti moja ambayo ni pambo. Humo wamo watu wa Tanga, Dar na Zanzibar, Wakongo wa Lubumbashi na Kalemie, na Warundi wa ghorofa ya sita ambao hawagombani na mtu. Wote wanaongea Kiswahili, kila mmoja na chake. Wakifika kliniki wanakuta Kiingereza na Kizulu. Katikati hapo panatakiwa mdomo. Watoto wengi waliozaliwa huku wanakisikia Kiswahili lakini ukiwauliza wanakujibu Kizulu na kukimbia. Mimi Mama alinikalisha na daftari kila Jumamosi, akinisahihisha kwa kalamu nyekundu kana kwamba Jumatatu narudishwa Tanga kufanya mtihani. Nilidhani ananilea. Kumbe alikuwa ananitayarisha kwa soko la ajira.

Siku ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na meno ya mbele mawili yaliyokuwa bado yanajadiliana. Mteja alikuwa Baba Shukuru, fundi cherehani Mkongo wa ghorofa ya kwanza, ambaye alikuwa haumwi popote na anaumwa kila mahali. Wauguzi walimpima mpaka wakachoka, kisha wakampeleka kwa Bi Dineo. Huyu Bi Dineo ni mshauri nasaha. Hachomi sindano, hatoi dawa, kazi yake ni kukaa na mtu aliyelemewa na mawazo na kumsikiliza. Huja Jumatano, katika kachumba kadogo jirani na pale wanapopimia watoto uzito, kwa hiyo ukieleza majonzi yako lazima uyaeleze kwa sauti kubwa kuliko kitoto kilichovuliwa nguo.

"Muulize," akasema Bi Dineo, "kwa wiki mbili zilizopita, amekosa raha mara ngapi katika mambo anayoyapenda?"

Baba Shukuru akafikiri sana. "Muambie miye napenda mupira. Ekipe yangu wanaifunga kila juma. Sasa ile ni ugonjwa yangu ao ya golikipa?"

Nikatafsiri yote. Bi Dineo akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika jina la mgonjwa yupi.

"Muulize kama analala vizuri."

"Kulala niko nalala. Ni kuamuka njo inanishinda."

Kila mtu alicheka, hata mimi, nikajiona nimefaulu. Njiani akaninunulia chipsi. Ilinichukua miaka kugundua kwamba lile neno la kuamka ndilo lilikuwa ugonjwa wenyewe, na kwamba lilitupita sote watatu tukiwa tunacheka.

Mwalimu wangu katika kazi hii alikuwa Papa Ilunga, mlinzi wa geti la kliniki, aliyekuwa akifundisha Kifaransa huko Kalemie kabla vita havijamleta kufundisha watu kupanga foleni. Ndiye aliyeniambia nisikae katikati ya mgonjwa na mshauri kama refa. "Kaa nyuma kidogo," alisema, "waonane macho. Wewe si ukuta." Akaniambia pia nisiseme "anasema ana hivi", niseme "nina", kama vile mimi ndiye mgonjwa, ndivyo wafasiri wa kweli wanavyofanya. Nikaitii kanuni hiyo. Kwa hiyo kuna Jumatano moja nilisimama mbele ya daktari mgeni, nimevaa sare za darasa la sita, nikatamka kwa sauti ya huzuni kwamba nimezaa watoto saba, mgongo umekwisha, na mume wangu hanisaidii chochote. Yule daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bibi mwenye mgongo wake alikuwa amekaa nyuma yangu, anatikisa kichwa kukubali.

Vifaa vya kazi ni vichache. Daftari la maneno, peremende, na uso. Uso ndio muhimu. Mtu mzima akianza kueleza jambo zito, unatakiwa uwe na uso wa paka aliyekaa dirishani, aliyeona kila kitu na hana habari. Daftari halikunisaidia sana. Kuna maneno mazuri ya kitaalamu niliyatafuta kwenye simu nikayakariri. Siku moja nikamwambia mama mmoja wa ghorofa ya nne kwamba huenda ana sonona. Akanitazama, akauliza, "Inapakwa au inanywewa?" Tangu hapo niliyaacha mamboleo, nikawa nauliza tu: moyo umeshuka? mawazo yanakuzidi? chakula kinapita?

Lakini ugumu wa kazi haukuwa maneno. Ugumu ulikuwa salamu. Ninyi mnajua sisi tulivyo. Mtu anaanguka ngazi zote tisa, ukimuuliza habari anakujibu kutokea chini, "Nzuri, sijui zako." Bi Dineo akiuliza "Unajisikiaje?" mimi nasema "Habari yako?" kwa sababu hivyo ndivyo mtoto anavyomuuliza mkubwa, na mkubwa anajibu "Nzuri, mwanangu, tunamshukuru Mungu." Nami natafsiri: yuko vizuri, anamshukuru Mungu. Bi Dineo anaandika: yuko vizuri. Tumefunga kazi, twende chipsi. Kwa miaka sita jengo zima lilinipa magoti yao, migongo yao na presha zao. Ya moyoni walibaki nayo. Nani atamwambia mtoto wa jirani, anayemwita mjomba, kwamba anatamani asubuhi isije?

Mimi niliona ni sawa tu. Nilikuwa na kasi, nilikuwa na jina. Wakongo waliniita Madame Bouche, yaani Bi Mdomo. Mpaka mwaka jana, kesi ikatoka nyumbani kwetu.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Tanga. Mama hakwenda. Makaratasi yake ya kukaa huku yalikuwa ya aina ile ambayo ukitoka nayo mpakani hutarudi nayo, na huku ana sisi wawili, na Baba anaendesha lori la Zambia, tunamwona kama mwezi wa kuandama. Kwa hiyo Mama alimzika mama yake kwenye simu. Mtu wa kule alishika simu juu, mtandao ukakwama jeneza likiwa nusu mlangoni, na ulipofunguka watu walikuwa wanakung'uta mikono. Jioni jengo zima lilikuja kwetu. Tulisoma khitma, tukala, viti vya kuazima vikarudishwa. Asubuhi yake Mama akabeba mitandio yake ya biashara akaenda kuiuza Marshalltown, katikati ya jiji, kama kawaida.

Kisha mambo yakaanza. Mama, ambaye ukikosea sukari kwenye maandazi anakuambia umekosea kijiko cha ngapi, alianza kutuletea chai ya chumvi. Tuliinywa. Abdu akasema, "Tamu, Mama," nikampiga teke chini ya meza kwa kuzidisha. Aliacha kugombana na wenye vibanda wenzake, na wenyewe wakaingiwa na hofu. Shangazi wa Rosettenville akamletea kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, akainywa, akalala siku mbili vizuri kabisa, ya tatu akarudi vilevile. Mama Shukuru akampeleka kwenye maombi yao ya kanisani akiwa na mtandio wake kichwani. Wakamwombea kwa nguvu zote, akasema asanteni.

Ndipo siku moja Marshalltown akasimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, kusubiri kuvuka. Ikawaka kijani, hakuvuka. Ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, na tena, watu wanampita, yeye kasimama na furushi la mitandio. Jirani yake wa biashara ndiye aliyemshika mkono akamleta nyumbani. "Eish, mama yako," aliniambia mlangoni, na hakumalizia.

Kliniki wakamkuta presha juu, wakampa Jumatano sita kwa Bi Dineo. Mama alipoelezwa ni ushauri nasaha alicheka. "Ushauri? Mimi ndiye ninayetoa ushauri jengo hili." Akakubali kwa sababu ya presha. Na mfasiri, bila shaka, nikawa mimi.

Jumatano ya kwanza: "Habari yako, Mama?" "Nzuri." Ya pili: nzuri, Alhamdulillahi. Ya tatu Bi Dineo akauliza kuhusu kumpoteza mama yake. Mama akanitazama mimi, si yeye. Akanirekebishia kola ya sare. "Mwambie tumeshapoa. Kazi ya Mungu." Nikasema. Bi Dineo akafungua faili, akaniambia kwa upole kwamba orodha ya wanaosubiri ni ndefu, na kama Mama yuko sawa, wiki ijayo itakuwa ya mwisho, atafunga faili ampe nafasi mwingine.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote ya utumishi wangu, na nawaambia ili msilirudie.

Jumatano ya nne Bi Dineo akauliza, "Umekuwaje wiki hii?" Nikamgeukia Mama. Mama akasema, "Salama tu." Nami nikageuka, nikavuta pumzi, nikaongea Kiingereza dakika tano bila kituo. Nikaeleza simu na jeneza. Nikaeleza chai. Nikaeleza robot. Nikaeleza kwamba anafua pazia moja kila siku hadi limekuwa wavu. Bi Dineo akaweka kalamu chini.

Mama akatazama kalamu, akanitazama mimi.

"Mimi nimesema maneno mangapi?"

"Mawili."

"Na wewe?"

"Kiingereza kirefu, Mama."

"Mwanaidi."

"Naam."

"Umemwambia chai?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunipiga, ingawa ningependelea anipige. Alisimama, akamshukuru Bi Dineo kwa kichwa, akachukua pochi yake, tukatembea hadi nyumbani. Mlangoni akasema, "Huko sirudi." Na siku ile chai ilikuwa na sukari sawasawa, ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilijua anajilinda na mimi. Sasa nami nilikuwa mtu wa kuambiwa nzuri.

Nilikwenda kwa Papa Ilunga getini nikamweleza. Alinisikiliza huku akimfukuza mtu aliyeruka foleni. "Binti," akasema, "ile mama atalia mbele yako?"

"Hapana."

"Basi uko unafanya nini mule ndani?"

Nikamwomba aingie yeye badala yangu, ana Kiswahili na Kifaransa na umri. Nilipompelekea Mama wazo hilo aliniangalia kama nimependekeza atangaze msikitini. "Mlinzi? Ambaye mke wake ananunua mitandio kwangu?" Hapo nikaelewa tatizo lote: mtoto hawezi kuambiwa, na mtu mzima wa hapa atajua. Palitakiwa mtu mzima asiyemjua yeyote Berea.

Nikaenda kwa Bi Dineo, peke yangu, nikamwuliza kama mtu wa namna hiyo yupo duniani. Akafikiri. Akasimama, akafunga mlango wa kachumba, ule ambao siku zote huachwa wazi kidogo kwa ajili ya joto. Nyuma ya mlango palikuwa na karatasi imegeuka rangi ya chai: huduma ya wafasiri kwa simu, lugha hizi na hizi, Kiswahili ya tano kutoka juu, weka nafasi wiki moja kabla.

"Imekuwepo muda gani?" nikauliza.

"Nilivyokuja niliikuta."

"Na mbona hamkupiga?"

Akaona haya kidogo. "Ulikuwepo wewe. Ulikuwa mzuri sana."

Wenzangu, nimewahi kufeli hesabu, nimewahi kuanguka jukwaani, lakini hakuna kilichowahi kunishusha kama kugundua kwamba miaka saba nimekuwa nikifanya kazi ya karatasi.

Mama alikuwa bado haongei nami mambo ya kliniki, kwa hiyo nilitumia njia rasmi. Nilikaa nikaandika barua kwa Kiswahili cha Jumamosi: Yah, Kuacha Kazi ya Ukalimani. Nikaeleza kwamba kuna mfasiri wa kwenye simu. Nikaiweka juu ya mitandio yake. Asubuhi niliikuta mezani, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa amenipa alama sita kwa kumi. Kulikuwa na mstari mmoja tu ameuwekea duara, na akaniita nisimame mbele yake kama zamani.

"Soma hapa."

Nikasoma: "Naacha kazi kwa kuwa mimi ni mwanao, na mimi utaniambia nzuri mpaka ufe."

"'Mpaka ufe' si adabu."

"Nifute?"

Akausoma tena mstari ule. Nyuma yake Abdu alikuwa anatafuna mkate kwa siri, kama vile mkate ni kosa.

"Acha," akasema. Kisha: "Huyo wa simu, ni wa wapi?"

Basi, haya ndiyo ninayowaachia kikazi. Tafsirini barua za mwenye nyumba. Tafsirini maandishi ya chupa za dawa, foleni za benki, magoti ya watu, hata matusi ya dereva kama mna roho. Lakini akija mtu wa moyo, na hasa akiwa mzazi wenu, ingieni, salimieni, mfunge ule mlango, mwonesheni mshauri ile karatasi, mtoke. Wakisema ninyi ni wazuri sana, mtoke haraka zaidi.

Mama alikubali kurudi, na Jumatano tuliyowekewa nafasi simu iliwekwa mezani, spika imewashwa. Sauti ikatoka, ya mwanamke mtu mzima, lafudhi ya Mombasa, yuko Cape Town. Bi Dineo akataka kuanza. Mama akainua mkono, ana yake kwanza.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo, mamangu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe watu wako ni wa Mombasa kabisa?"

"Kabisa."

"Johannesburg una ndugu?"

"Sina."

"Rafiki? Wa zamani? Mtu mliyesoma naye?"

"Mamangu, sijawahi hata kufika."

"Berea je? La Rochelle? Hakuna hata mmoja anayekuuzia kitu?"

"Wallahi hakuna."

Mama akaketi sawasawa kitini. Akanigeukia. "Toka. Na ufunge mlango."

Nilikaa kwenye benchi la nje, pamoja na wamama na vitoto vya kupimwa uzito. Sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Kwanza nilisikia ile simu ikicheka, na Mama akicheka, nikaona wivu mbaya sana. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuijua, nikadhani ni mtoto mkubwa anadungwa, hadi nikagundua inatoka kachumbani kwa Bi Dineo. Mama yangu alikuwa analia. Si kilio cha kufutwa kwa ncha ya khanga. Alikuwa analia kwa mdomo wazi, anamwita mama yake.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa, Papa Ilunga aliponiona kutoka getini.

"Kaa."

"Ni mama yangu."

"Njo maana. Kaa."

Nikakaa. Kitoto kimoja kikanikabidhi kiatu chake, nikakishika. Jumatano nzima ikapita, au saa moja, sijui. Mlango ulipofunguka Mama alitoka na macho yamevimba, mtandio umekaa upande, uso umelowa na hajaufuta. Bi Dineo nyuma yake alikuwa ameshika faili, na faili lilikuwa wazi. Wakaagana kwa vidole: Jumatano, na Jumatano, na nyingine.

Tulitembea mpaka kwenye robot ya njiani. Ikawaka kijani, Mama akavuka, mimi nikabaki nyuma nikamkimbilia.

"Mama, mmeongea nini mle ndani?"

"Hayakuhusu," akasema, bila kupunguza mwendo.

Tangu Bibi afariki, lilikuwa jibu la kwanza alilonipa ambalo halikuwa "nzuri".